Sifuri ya Mzee Tluway

"Nakwambia jana nimeuona ukuta kupitia kwake," alisema Selestina. "Amekaa ananisimulia habari za vitunguu vya Baray, mimi namtazama, naona ukuta. Kalenda ya parokia naiona. Tarehe nimeisoma."

"Labda ulikaa upande wa dirisha, Mama Inosenti," alisema Verediana bila kuacha kukoroga. "Jua la saa kumi lina mambo yake."

"Jua gani la kunisomesha tarehe kifuani kwa mume wangu?"

"Sasa mimi nifanyeje? Nimpige pasi?"

"Uhamishe bomba, Mama Obed."

Verediana aliutoa mti wa kukorogea kwenye pipa, ukatoka unachuruzika zambarau, akauegemeza kwenye ukuta wa matofali. Ilikuwa asubuhi ya Jumatano, kuni zilikuwa mbichi, na moshi ulikuwa unaingia machoni mwa kila mtu bila ubaguzi. Chini ya banda, wanawake wanne walikuwa wanamimina nta kwenye vitambaa, vichwa chini, masikio juu. Mmoja wao nta ilikuwa imeshamwishia, lakini aliendelea kumimina hewa ili asipitwe na neno.

"Bomba nililikuta," alisema Verediana.

"Ulilikuta wapi? Lilikuja juu ya basi kutoka Arusha, na wanangu ndio waliolishusha."

"Basi nililikuta Arusha."

Wanawake wa nta walicheka, na Selestina naye akacheka kidogo, kwa sababu hawa wawili walikuwa wamezikiana ndugu na kuchangiana harusi, na ugomvi wao haukuwa na nguvu tena. Ulikuwa kama kufagia uwanja. Ukimaliza leo, kesho unakungoja.

Verediana alitoka Rombo. Aliletwa Karatu na mume dereva wa watalii, ambaye siku moja alipeleka wageni Serengeti akasahau kurudi. Mtaa ulilijadili jambo hilo mwaka mzima, kisha ukachoka. Verediana hakungoja mtaa uchoke. Alinunua sufuria kubwa, nta na jora la pamba, akaanza kutengeneza batiki za mapazia ya hoteli, na kufikia mwaka wa elfu mbili na nne alikuwa na banda la bati lililojaa mapipa, mlinzi kutoka Endulen, na mnunuzi wa nchi za nje mwenye duka la watu wanaotaka kuvaa nguo ambayo haijaiumiza dunia. Kila msimu mnunuzi huyo alituma kipande cha kitambaa kisichozidi kiganja, chenye rangi inayotakiwa huko kwao. Msimu wa kwanza ilikuwa rangi ya chungwa. Uliofuata, kijani cha majani ya chai. Huu wa sasa, zambarau.

Maji ya kusuuzia vitambaa yalipita kwenye bomba chini ya uzio, yakaingia kwenye mfereji. Mfereji ulitoka msituni, juu kwenye mteremko wa Ngorongoro, safi na baridi, ukapita nyuma ya kiwanda cha Verediana, kisha ukashuka katikati ya kitongoji kilichoitwa Mferejini kwa sababu yake. Watu waliogea humo na kumwagilia humo, na siku ambazo mabomba ya mji hayatoi kitu, ambazo ndizo zilikuwa nyingi, walikunywa humo.

Rangi iliwapanda kuanzia unyayoni. Kila msimu mpya ulianzia chini na kuusukuma uliotangulia juu, hivi kwamba mwenyeji wa Mferejini alikuwa na zambarau mpaka juu ya vifundo, kijani mpaka magotini na chungwa mapajani, wakati mtu aliyehamia baada ya Pasaka alikuwa na zambarau tu, kama kavaa soksi fupi. Haikuwasha wala kuuma. Muuguzi aliyeulizwa alitoa vidonge vya minyoo. Na ilikuwa na faida zake. Kuna bwana mmoja aliyemwambia mkewe kwamba msimu mzima wa kijani alikuwa Babati anajenga shule. Aliporudi akavua viatu, na kijani kilikuwepo, chote, bila pengo. Bwana yule hakuwa amevuka hata barabara. Padri aliwapatanisha, lakini tangu siku ile wanaume wengi wa Mferejini walilala na soksi.

Kwa mzee Tluway, mume wa Selestina, mambo yalikwenda mbele zaidi. Yeye alikuwa mgawa zamu. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake: kusimama ndani ya mfereji, maji yakimfika magotini, akiziba hapa kwa udongo na mabua, akifungua pale, ili kila shamba lipate maji kwa zamu yake na mtu asimpige jirani yake jembe. Wengine waliingia mferejini kuoga wakatoka. Yeye aliishi humo. Chungwa lilimfika nyweleni wakati wenzake bado liko kwenye ndala. Na lilipofika nyweleni, likawa halina pa kwenda. Likaanza kutoka. Lilitoka kama rangi inavyotoka kwenye nguo iliyofuliwa kupita kiasi, na likaondoka na kile lilichokikuta, hata kijani na zambarau zilizofuata hazikupata pa kushika.

Hakuwa mgonjwa. Alikula vizuri, alikoroma, alibishana kuhusu mvua. Ila kila wiki alikuwa amepauka zaidi, na Selestina alianza kumvalisha shati jekundu ili ajue alipo.

"Kama bomba halihamishiki, chimba shimo," alisema sasa. "Weka mchanga, weka mkaa, maji yakae humo yatoe rangi ndipo yaende. Wewe mwenyewe uliniambia huko Moshi wanafanya hivyo."

"Nilikuambia, na sikukataa." Verediana alikaa juu ya gogo na kumpisha Selestina upande mmoja. "Mwenzangu, shimo lile nikilichimba mwenyewe litakula msimu wote. Hawa wanne wanarudi nyumbani. Na mmoja wao ni mkamwana wako."

Mkamwana aliinamia nta yake.

"Lakini sikia. Ijumaa anakuja mpimaji. Mnunuzi amemtuma. Siku hizi hawanunui mpaka wapime unaumiza kiasi gani. Ukipata alama mbaya, wao ndio wanachimba shimo, kwa gharama zao, na wanakusimamia mpaka uwe mzuri. Ukipata alama nzuri wanakushukuru, basi."

Selestina alifikiri. "Kwa hiyo tunataka alama mbaya."

"Mbaya kabisa. Tumwonyeshe kila kitu. Mlete na mzee."

"Na asipomwona?"

"Ndiyo itakuwa mbaya zaidi. Watachimba mashimo mawili."

Walikunywa chai ya tangawizi kwenye vikombe vyenye midomo ya zambarau, wakapeana mikono, na Selestina akaondoka akiwa mwepesi kuliko alivyokuja. Getini, mlinzi Koinet alikuwa ameegemea fimbo yake kwa mguu mmoja.

"Kule kwetu Endulen pundamilia wana mistari tangu kuzaliwa, yeyo," alimwambia, akimwita mama kwa lugha yake. "Sijasikia hata mmoja aliyekwenda kudai bomba."

"Pundamilia huoni ukuta nyuma yake, Koinet."

Koinet alilipima jambo hilo. "Hapo kweli," akasema, akabadilisha mguu.

Habari za mgeni zilishuka na mfereji, na kufikia jioni kila nyumba ilikuwa nayo. Clemensi, mwenyekiti wa kitongoji, aliitisha mkutano mfupi kwenye uwanja wa mashine ya kusaga. Alieleza vizuri, hatua kwa hatua, kwamba anakuja mtu wa kupima ubaya, kwamba kitongoji kikipata alama mbaya kitachimbiwa shimo, na kwamba kwa hiyo kila mtu ajitokeze kama alivyo. Watu wakaitikia. Kisha akasema, kwa kuwa mgeni ni mgeni, njia ifagiwe, mbuzi wafungwe, na kina mama wajiandae, maana kitongoji cha jirani kilipotembelewa na mgeni wa wilaya, mbuzi alipanda juu ya gari na hadithi ile inasimuliwa mpaka leo. Watu wakaitikia zaidi.

Hakuna aliyeona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Alhamisi nzima Mferejini ilifagia. Kingo za mfereji zilipakwa chokaa. Verediana, aliyekuwa ameapa kuonyesha kila kitu, aliamka akafikiria moshi ule machoni mwa mgeni, akaona haya, akaziba bomba kwa gunia na kuyafunika mapipa mpaka mgeni aje aondoke. Kufikia mchana maji yalikuwa yanapita meupe, na watu walikuwa wanasimama kuyatazama kama wanavyomtazama ndugu aliyerudi kutoka mbali. Wanawake walikaa mlangoni wakisugua miguu kwa jiwe, majivu na Omo. Rangi ilikuwa ya kiwandani, haikutoka yote, ndipo mwalimu wa kwaya akafungua kabati akatoa soksi nyeupe ndefu za sare.

Selestina naye alipasha maji. Alimkalisha mzee Tluway uani juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamsugua mgongo kwa dodoki, akamsugua shingo, akamsugua nyuma ya masikio kama anavyosuguliwa mtu anayekwenda ubatizo. Maji yalianguka yakiwa na chungwa hafifu sana, la mwisho.

"Unanisugua sana leo," alisema Tluway.

"Mgeni anakuja."

"Basi sawa."

Alipomaliza, alichukua taulo kumfuta, na ikambidi apapase. Aliukuta mkono wake kwa sababu mkono ulimshika. Alimvalisha, akafunga vifungo kimoja kimoja mpaka juu, na juu ya kola hapakuwa na kitu ila uzio wa minyaa, na mbele ya uzio, sauti iliyouliza kama kuna chumvi ndani au akaombe kwa Mama Obed.

Mpimaji alifika Ijumaa kabla ya saa sita, kwenye Land Cruiser iliyojaa vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi za dereva. Aliitwa Flaviana. Alikuwa binti wa Arusha, mwembamba, mwenye macho ya mtu aliyelala garini mara nyingi. Shingoni alikuwa amening'iniza tepu ya fundi cherehani, na kiunoni mfuko wenye kadi za rangi, kila moja na namba yake. Aliwaamkia wazee wote mmoja mmoja. Watu walimpenda hapo hapo.

Walimpanga foleni kwenye kivuli cha banda. Flaviana alipiga goti mbele ya kila mtu, akavuta tepu kutoka chini kwenda juu. Kabla ya kupima aliuliza swali moja, kwa sababu kipimo chake kilikuwa na sehemu ya maoni ya wananchi.

"Habari za maji, mama?"

"Nzuri," alijibu mwanamke wa kwanza, kama mtu yeyote angejibu. Alikuwa anavuta pumzi ya kusema ila, maana kila mtu anajua kwamba habari huwa nzuri kwanza hata kama nyumba imeungua, ndipo inakuja ila. Lakini Flaviana alikuwa ameshaandika nzuri na kusogea.

"Habari za maji?"

"Nzuri."

"Za maji, mzee wangu?"

"Nzuri tu, mwanangu. Habari za Arusha?"

Alifika wa tano akasimama. Soksi ziliishia chini ya goti, sketi za kwaya zilianzia juu ya goti kidogo, na katikati palikuwa na ukanda mwembamba wa ngozi iliyosuguliwa mpaka inang'aa. "Naomba mvue soksi," alisema kwa upole.

Wanawake walitazama chini. Mwenyekiti Clemensi alikohoa.

"Mgeni," akasema, "hawa ni mama zako."

Flaviana alikuwa amelelewa. Aliinama tena, akapima ukanda.

Verediana alikuwa amesimama pembeni na khanga yake ya sikukuu. Alimtazama Selestina, na Selestina alimtazama yeye. Wote wawili walikuwa na soksi nyeupe.

"Sema kitu," alinong'ona Selestina.

"Niseme nini? Nimwambie nilifagia?"

Selestina aliingia nyuma ya banda, akatoka amelishika shati jekundu mkono. Watu walipisha. Shati lilikuja taratibu kwa mwendo wa mtu mwenye magoti mabovu, likasimama mbele ya Flaviana.

"Shikamoo, mzee," alisema Flaviana.

"Marahaba. Barabara imekupitishaje?"

"Vizuri."

"Ila imeharibika," alisema Tluway, ambaye hakuna aliyewahi kumzuia kufika kwenye ila yake.

Flaviana alitoa kadi moja, akailinganisha na mahali ulipotokeza mkono wa shati. Akaweka nyingine. Kupitia mahali hapo aliona jogoo wa Verediana akitembea, na uzio, na kipande cha mlima. Alivuta tepu kuanzia ardhini mpaka kwenye sauti, akaisoma, akaiachia ijikunje.

"Hana rangi," akasema.

"Alikuwa nayo. Alikuwa na rangi kuliko kitongoji kizima. Imemwishia, na yeye anaishia nayo."

"Naona, mama. Lakini kipimo changu kinapima rangi. Kinaanzia sifuri kinapanda. Chini ya sifuri hakina mahali pa kwenda."

"Basi andika kwamba hayupo."

"Nipo," alisema Tluway.

"Nyamaza kidogo, Baba Inosenti. Andika hayupo, binti yangu. Kabla hujafika hapa palikuwa na mtu, mtu ameisha, andika hivyo."

"Nikiandika hayupo, hahesabiwi. Nikiandika yupo, ni sifuri." Flaviana alijifuta vumbi usoni kwa nyuma ya mkono. "Na sifuri ndiyo nzuri kuliko zote. Itavuta wastani wenu chini."

"Yaani aliyeumia kuliko wote ndiye anayewapa alama nzuri."

"Ndiyo."

"Na wewe unaliona."

"Naliona, mama. Mwezi uliopita nilipima kijiji kilicho chini ya kiwanda cha nyuzi. Kijiji kizima kilikuwa sifuri. Siku ile walinipa cheti cha mpimaji bora. Wakati naondoka, wanakijiji walinipungia mikono. Nadhani walinipungia."

Selestina alishusha sauti. "Juzi alikuwa na rangi kidogo, hapa shingoni. Ungeiona. Jana nikamsugua."

"Ungemwacha aje hivyo hivyo?"

"Mgeni anakuja."

"Ndiyo," alisema Flaviana. "Kila mahali wanasugua."

Aliandika sifuri. Aliiandika taratibu, ikiwa kubwa kuliko namba nyingine, kama vile ukubwa ungesaidia, kisha akaenda kukaa kwenye bampa la gari akapiga hesabu zake. Watu walingoja huku wanatafuna bisi. Aliposimama alikuwa ameshaivaa sauti ya kusomea matokeo. Alisema Mferejini imepata alama nzuri sana, kwamba maoni ya wananchi ni mazuri kwa asilimia mia, kwamba maji yaliyoonekana ni safi, na kwamba kuanzia msimu ujao kila nguo ya Verediana itashonewa kibandiko cha jani la kijani, kuwaambia wavaaji kwamba hakuna aliyeumizwa.

Mwenyekiti Clemensi alianza kupiga makofi kabla hajakumbuka. Alipokumbuka ilikuwa imechelewa, wengine walikuwa wameshadakia, na si heshima kumwacha mgeni amesimama mbele ya makofi ya nusu. Wakapiga yote. Kwaya ikaimba.

Verediana alimfuata Selestina kwenye uzio.

"Nimefaulu, mwenzangu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba.

"Hongera."

"Wataongeza oda. Mara mbili ya hii."

"Pole."

"Nilidhani watanichimbia. Nilikuwa nimeshachagua na mahali, pale penye mparachichi. Sasa wameandika hakuna aliyeumizwa. Nitachimbaje shimo la kitu ambacho hakipo?" Alikuwa anasokota ncha ya khanga. "Mwakani nitachimba mwenyewe. Haki ya Mungu, Mama Inosenti. Mwakani."

"Mwakani rangi gani?"

"Njano."

Selestina aligeuka. Alimshika mume wake mkono wa shati, wakashuka.

Mapipa yalikuwa yamekaa na rangi siku hizo zote, na rangi ikikaa inaoza. Kabla pilau ya kumpongeza mgeni haijapakuliwa, Verediana alimwambia Koinet atoe gunia. Koinet alitoa gunia. Zambarau ilikohoa mara mbili ndani ya bomba, kisha ikatoka yote kwa pamoja na kuingia kwenye maji meupe. Mzee Tluway aliiona inakuja. Ilikuwa zamu ya shamba la mjane mmoja wa chini, ambaye maharage yake yalikuwa yanatoa maua, na zamu haingoji. Aliingia mferejini na shati lake, akaziba hapa, akafungua pale.

Dereva alikula pilau sahani mbili, akaomba ya tatu, akalala. Flaviana hakula. Kipimo kilikuwa na sheria kwamba mpimaji asile chakula cha mwenye kiwanda kinachopimwa, ili kisije kikambadilishia macho. Verediana alimbembeleza, akamtaka angalau anywe supu, akaumia roho kabisa. Flaviana alishukuru, akatoka nje kumngoja dereva aamke, akashuka akifuata mfereji kwa sababu hapakuwa na pengine pa kushuka.

Alizikuta kingo nyeupe za chokaa zimeanza kuloa rangi. Wanawake walikuwa wameshavua soksi na kuzianika, na watoto walikuwa wanaogelea. Walimsalimia, wakamuuliza kama amekula. Alisema bado wakadhani anatania. Alikwenda mpaka mwisho wa nyumba, mahali ambapo mfereji unaingia mashambani, akasimama akitazama zambarau ikigawanyika kwenye matuta ya maharage, shamba moja baada ya jingine, kila moja kwa haki yake.

Selestina alikuwa jikoni, mlango wazi. Makande yalikuwa yameiva tangu mchana na yeye hakuwa na hamu ya kuyapakua. Alimwona binti wa watu amesimama juani na tepu shingoni. Alimwacha asimame. Alikoroga chungu ambacho hakikuhitaji kukorogwa. Akatazama tena.

"Unapima tena?" akauliza kutoka mlangoni.

"Nimeshafunga," alisema Flaviana. "Nikifunga, nimefunga. Hata kikipita nini."

"Kimepita."

"Nimekiona, mama."

Shati jekundu lilikuwa limeanikwa kwenye kamba, linadondosha zambarau, na Flaviana alilitazama muda mrefu.

"Mzee yuko wapi?" akauliza.

"Yuko. Maji yalimlowesha." Selestina alifuta mikono kwenye khanga. "Kwa Mama Obed hukula, nimesikia. Kaumia sana, atalisema jambo hilo mpaka Krismasi."

"Sheria. Sili kwa mwenye kiwanda."

"Mimi sina kiwanda."

"Hapana, mama. Kwako hakuna sheria."

"Basi unangoja nini huko juani? Karibu ndani, makande yapo na maziwa ya mgando yapo."

Flaviana alivua viatu mlangoni. Nyayo zake zilikuwa na zambarau kidogo, pembeni tu, na yeye mwenyewe aliiona, akaingia. Chumba kilikuwa na giza baada ya jua, na kiti kilichokuwa karibu kilikuwa kitupu. Akashika mgongo wake kukivuta.

"Hapo hapana, mwanangu," alisema Selestina, akimletea maji ya kunawa. "Hapo amekaa mzee. Zunguka upande huu, nawa, tule."